Mvua ya Nakawa na Sare ya Afande Okello

Aibu hii nimekaa nayo karibu mwaka mzima, na ninaisimulia sasa kwa sababu askari wetu Okello ameshaisimulia Nakawa nzima, tena kwa kutia chumvi, kwa hiyo afadhali muisikie kutoka kwangu. Siku moja niliulizwa getini kama mimi nimefika kazini, nikajibu kwamba bado sijafika.

Nianze na nilivyohamia. Mimi ni mtu wa Kitui, na kampuni yetu inauza mabeseni, ndoo na madumu ya plastiki. Waliponichagua kusimamia stoo mpya ya Kampala, mtaa wa Nakawa, walinipa miezi mitatu ya majaribio, na tukakubaliana na mke wangu, Mama Mwende, kwamba nikithibitishwa tu, yeye na watoto wananifuata. Watoto walikuwa wameshaanza kuaga marafiki shuleni (yule mdogo aliaga mara mbili). Kuhusu hali ya hewa, uchunguzi wangu wote ulikuwa huu: nilifungua simu, nikaona Kampala nyuzi ishirini na saba, nikasema ah, hii ni kama kwetu tu, nikapakia mashati meupe mepesi na viatu vya turubai, koti na gambuti nikamwachia shemeji. Sikumuuliza hata mtu mmoja anayeishi huko mvua inanyesha vipi, na ikinyesha watu wanafanyaje.

Kumbe Kampala mvua inaweza kukushukia asubuhi kutoka upande wa ziwa, imwagike saa mbili au tatu kwa hasira, halafu ikatike na jua liwake kana kwamba hakuna kilichotokea, na muda huo wote mji umesimama. Waendesha boda wanajipanga chini ya paa la kituo cha mafuta, maduka hayafunguliwi, na mtu akiingia kazini saa nne akasema mvua, hakuna anayemuuliza swali la pili. Kwetu Kitui mvua ikija watu wanatoka nje, wanakimbilia shamba, kwa hiyo mimi niliuona huo ni uvivu mtupu. Wiki ya tatu nikabandika karatasi ukutani kwamba mvua si sababu ya kuchelewa, nikaipiga picha, nikamtumia bosi wangu wa Nairobi, Madam Njeri, ili ajue amemweka mtu makini.

Mwezi wa tatu Madam Njeri akaja mwenyewe, kwa sababu Hajati Zulaika, mama mwenye maduka matatu Kikuubo, kwenye soko la jumla la katikati ya mji, alitaka kuja stoo aione bidhaa, na huyo akikubali kuchukua mzigo kwetu basi stoo imesimama na mimi nimethibitishwa. Miadi ilikuwa saa mbili asubuhi. Saa kumi na mbili na nusu nilipotoka nyumbani Kansanga mbingu ilikuwa nyeusi tii, mama mwenye nyumba akaniambia ningoje kwanza, nami nikamwambia kwamba kazi haingoji (nikikumbuka sauti niliyoisemea naona haya). Nikapanda boda, tukafika Namuwongo, mvua ikashuka, na dereva akakata kona moja kwa moja hadi chini ya paa walikokuwa wenzake. Nikamwambia twende, nitalowa mimi, si wewe.

"Ssebo, hapana," akasema kwa upole, akiniita bwana kwa Kiganda. "Tunangoja ipite."

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Nikaamua kutembea. Nilitembea peke yangu barabarani na watu wote wamejipanga kwenye veranda wananitazama, maji yakapanda hadi kwenye mashavu ya miguu, nikakanyaga nilipodhani ni lami kumbe ni mtaro, nikazama hadi kiunoni, na nilipojivuta nje mguu mmoja haukuwa na kiatu na simu ilikuwa imezima. Lakini saa mbili kasoro dakika tano nilikuwa getini. Hapakuwa na mtu isipokuwa Okello, mzee wa Gulu aliyestaafu jeshi, aliyenitazama kuanzia juu hadi kwenye ule mguu mtupu.

"Bosi, leo watu hapana kuja mapema," akasema. "Mvua bado iko."

Nilikuwa natetemeka hadi meno yanagongana, basi akanionea huruma, akanipa sare yake ya akiba, shati, suruali, kofia na gambuti, akazianika nguo zangu kwenye waya chini ya kipaa cha nyuma ya stoo. Ilipofika karibu saa nne mvua ikakatika, jua likatoka, naye akaenda kunitafutia chai na chapati, akaniomba nimwangalizie geti. Dakika tano hazijapita, honi ikalia.

Nikafungua. Ndani ya gari alikuwa Hajati, na kiti cha nyuma Madam Njeri anaongea na simu ameangalia upande mwingine. (Walikuwa wamekunywa chai pamoja wakingoja mvua ipite, na walikuwa wamenitumia ujumbe kunijulisha, kwenye simu iliyokuwa imejaa maji.) Hajati, ambaye hatukuwahi kuonana naye, akateremsha kioo.

"Ssebo, bosi wako, ule Mukenya, amefika?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema ni mimi. Badala yake nikashusha kofia usoni nikasema, "Bado, Hajati."

Gari likapita. Mimi nikakimbia nyuma ya stoo, nikavua sare, nikavaa nguo zangu mbichi na gambuti zile zile za Okello, nikapanga kutokea kona ya pili kama mtu anayeingia sasa hivi, huku nimesahau kwamba stoo yetu ina geti moja tu. Nilipotokea, Okello alikuwa amerudi na chai, na Madam Njeri alikuwa anamuuliza mimi niko wapi.

"Bosi iko hapa tangu asubuhi," Okello akajibu kwa heshima zote. "Yeye ndiyo amefungulia nyinyi geti."

Wote watatu wakanigeukia. Kofia ya sare ilikuwa bado kichwani mwangu. Hajati alicheka mpaka akatafuta pa kukaa, akakalia ndoo. Madam Njeri hakucheka.

Hajati alichukua mzigo, tena mkubwa, na nilijua moyoni kwamba nimepona. Alipoondoka, Madam akaniita ofisini.

"Kunyeshewa si kosa," akasema. "Lakini mteja amekuuliza ukiwa umesimama mbele yake, na ukasema hupo. Nikuachie stoo vipi?"

Akaniongezea miezi mitatu mingine ya majaribio. Jioni niliazima simu ya Okello nikampigia Mama Mwende, ambaye masanduku yake yalikuwa tayari, nikamweleza yote bila kuficha.

"Sasa watoto niwaambie nini, Baba Mwende?"

"Waambie baba yao alikuwepo, akasema hayupo."

Walikuja baadaye, nilipothibitishwa, na safari hii kabla ya kufunga hata begi moja nilimpa mke wangu namba ya mke wa Okello, wakaongea saa nzima habari ya mvua, makoti na viatu. Nami nimeapa: mtu akiuliza getini yule Mkenya yuko wapi, hata nikiwa nimevaa gunia, nitasema ni mimi.