Rosogola za mama

Leo mama yangu amepika rosogola kwa mara ya kwanza tangu 1972.

Kwa wasiozijua, ni vitamutamu vya Kibengali. Baada ya uhuru, hapa Rumonge, mama alifundishwa na jirani yetu, mke wa muuza vitambaa aliyetoka Bengali.

Leo binti yangu ndiye aliyemuomba.

Maziwa yakachemka, mama akakamulia ndimu, yakaganda. Akachuja kwa kitambaa, akakanda, akaviringa vidonge. Hata alikuwa anacheka kidogo.

Vilipoanza kuvimba ndani ya maji ya sukari, akaketi chini.

“Bibi, iko nini?”

“Babu yako alizipenda zikiwa moto. Siku ile, mwaka ule wa mauaji, watu wakaja kumuita, eti wana maulizo kidogo. Nikamuambia, enda, utazikuta.”

Hakurudi.

Na mimi miaka yote nilidhani mama hapendi sukari.

Binti yangu akauliza polepole, “Aliitwa nani?”

Mama akamtajia. Mimi mtoto wake sikuwahi kulisikia jina la baba kinywani mwake.

Tumezila zikiwa moto. Mama hakuonja.

Na kwenu, kuna jina ambalo wazee hawalitaji?