Nilizima Taa ya Breki, Nikampa Bi Shemsa Ufunguo

Admin, nifichie jina, na gereji usiitaje. Nikijulikana sina kazi wala viza.

Mimi ni mwanamume wa miaka 33, mzaliwa wa Kisauni, Mombasa. Huu ni mwaka wangu wa sita Dubai. Ni fundi wa magari kwenye gereji moja upande wa Al Qusais, na nalala Al Nahda, chumba kimoja na wenzangu watano. Mke na mtoto wako nyumbani. Haya ninayoandika hata mke wangu hayajui.

Mwezi uliopita alikuja mama mmoja wa Kizanzibari, nitamwita Bi Shemsa. Ni mjane, umri umepita hamsini, anakaa Rashidiya na binti yake, na kila siku yeye ndiye anayewapeleka wajukuu wake wawili shule na kuwarudisha. Gari lake ni haibridi, la petroli na umeme, alilinunua likiwa limeshatumika. Taa nyekundu ya breki ilikuwa inawaka, mlio haukatiki, na pedali imekuwa ngumu kama unakanyaga ukuta. Kwa wakala wa kampuni ya magari hayo walimwambia abadilishe mtambo wa breki, mpya, kwa bei inayokaribia bei ya gari lenyewe. Aliponisikia naongea Kiswahili aliketi kwenye kiti cha plastiki akashusha pumzi. Tangu siku ile akaniita mwanangu.

Nikapima. Pedi na diski zilikuwa nzima. Iliyokufa ni pampu ya umeme inayoweka presha ya mafuta ya breki. Kwenye magari haya pampu hiyo ikifa, unabaki na nguvu za mguu wako tu. Nikamwambia ukweli, kwamba kuna njia nafuu: tutafute mtambo kutoka gari lililogongwa, tuufunge, tutoe hewa kwenye mafuta ya breki kwa kompyuta, kisha tuujaribu. Si njia mbaya. Nimeifanya mara nyingi na magari yanatembea mpaka leo.

Arbab wangu, mwenye gereji, akaleta mtambo kutoka yadi moja ya magari yaliyogongwa, Sharjah. Nikaufunga. Lakini kompyuta ikawa inakatika katikati ya kutoa hewa, na kila nikirudia inakatika palepale. Mtambo mzima ukishajaza presha hutulia. Huu ulikuwa unanguruma, unanyamaza, sekunde chache unanguruma tena. Presha ilikuwa inavuja ndani. Nikamwambia arbab huu ni mbovu, tuurudishe. Akasema yadi imefungwa mpaka Jumatatu, mteja keshapiga simu mara tatu, nifute kosa kwenye kompyuta taa izimike, akirudi tutambadilishia. Nikabisha. Akaniuliza, taratibu tu, viza yangu inaisha lini.

Nikafuta. Taa ikazimika. Bi Shemsa akaja, nikampa ufunguo kwa mkono wangu huu. Akaniombea dua ndefu palepale mlangoni, nami nikaitikia amina.

Tangu hapo kila simu ikilia nadhani ni habari ya ajali. Niko chini ya gari la mtu mwingine, nawaona wale watoto kwenye kiti cha nyuma. Jumatatu ilifika, nikamkumbusha arbab, akasema tusimwite mtu ambaye hajalalamika. Nilimpigia Bi Shemsa mara mbili, nikaishia kumsalimia. Mara ya tatu, Alhamisi mchana, akaniambia Jumamosi anawapeleka wajukuu Hatta, kule milimani. Nilitoka kazini bila ruhusa, nikachukua teksi mpaka Rashidiya.

Alitaka niingie ninywe chai. Nikasema naomba ufunguo tu. Akanitazama usoni.

"Mwanangu, hebu nambie. Gari lina nini?"

"Halina neno, Bi Shemsa. Nataka kuhakikisha kabla ya safari."

Hata pale nilidanganya.

Akanipa ufunguo. Sikufika mbali. Nilikuwa nashuka daraja, mlio ukapiga, taa zikawaka zote, na pedali ikagoma. Mbele yangu lori la maji limesimama. Nilikanyaga kwa miguu yote miwili mpaka nikanyanyuka kwenye kiti, na gari likasimama nimebakisha hatua moja. Watu nyuma wakanipigia honi, nami nashindwa hata kubonyeza taa za tahadhari. Nilikuwa namfikiria Bi Shemsa, ambaye goti lake la kulia linamuuma hata akipanda ngazi mbili.

Arbab aliliona gari limerudi kwa kuvutwa. Akaleta mtambo mwingine. Huo ni mzima, umepita vipimo vyote, na nimeuendesha mwenyewe siku mbili kabla ya kulirudisha gari. Bi Shemsa nilimwambia tu kwamba breki zilinigomea njiani, na safari ya Hatta akaiahirisha. Leo yuko salama.

Ingeishia hapo nisingeandika. Bi Shemsa anawaambia watu kwamba Mungu alinipa hisia, nikakimbia kuwaokoa wajukuu wake. Alileta pilau gereji nzima tukala. Mimi sahani yangu nilimsogezea mwenzangu. Na kwa sifa hizo ametuletea jirani yake, mama mwenye mtoto mchanga, gari la aina ileile na ugonjwa uleule. Arbab ameshanunua mtambo uliotumika. Jana niliupima mezani, nao hautulii. Nilipomwambia, akajibu, "Fanya kama ya yule mama. Khalas," yaani mjadala umekwisha.

Nikikataa, atanifutia viza, na nyumbani wananitegemea mimi. Nikikubali, safari hii huenda nisiwahi. Nikimwambia Bi Shemsa kwamba aliyewaokoa wajukuu wake ndiye aliyewatia hatarini, sijui atanipeleka polisi au atalia, na sijui ni lipi ninaloliogopa zaidi.

Gari la jirani naanza kulifungua Jumatatu asubuhi. Mlioko huku na mnaojua sheria za kazi, na nyinyi akina mama mnaobeba watoto wenu kwenye magari tunayoyatengeneza sisi, nisemeni mtakavyo, ila mnishauri. Nifanye nini?