Mahali pa Kuitwa Mkuu

Zamani mwanajeshi hakuchagua nyumba. Alifika kambini na sanduku lake, akapewa ufunguo wenye kibati cha namba, akaonyeshwa mlango, na kabla hajafungua mizigo jirani alishapitisha chumvi na kiberiti juu ya ukuta. Mwenye cheo kikubwa alikaa juu mlimani, mwenye cheo kidogo alikaa bondeni, na hakuna aliyenuna. Siku hizi kila mtu anajichagulia mwenyewe, na ndiyo maana watu hawalali.

Luteni kanali mmoja wa kikosi cha anga aliishi hivyo tangu ujana. Mji mzima ulioota kando ya kambi ulimwita Mkuu. Alirusha ndege za mizigo: magunia, vipuri, askari wanaotapika, na safari moja fahali wa mbegu aliyeitoboa sakafu kwa kwato. Alikuwa hodari, hilo hata wasiompenda walikubali. Alipostaafu mapema na shirika la ndege za abiria likamchukua, watu walisema chanda chema huvikwa pete. Kambi nayo ikamtaka arudishe ufunguo.

Ndipo kwa mara ya kwanza maishani akaulizwa: utaishi wapi?

Njia zilikuwa mbili. Angeweza kuhamia jiji kuu, karibu na uwanja wa ndege, kama wanavyofanya marubani wengi wa shirika. Au angeweza kupanga nyumba palepale katika mji wa kambi, umbali wa nusu siku kwa gari, awe anakwenda kazini kwa kindege cha asubuhi, amekunjwa kwenye kiti cha ziada nyuma ya marubani kama furushi lililosahauliwa.

Mkewe alikuwa mkunga, na alitaka jiji. Hospitali kubwa ya huko ilikuwa imemwita akaongoze wodi ya wazazi.

"Nafasi hii nimeiota tangu nasomea kazi," alimwambia, akiviringisha vikombe kwenye magazeti.

"Haiwezekani, mama watoto."

"Kwa nini?"

"Kwanza mzee. Amezoea hapa. Mti mkongwe ukiung'oa unakauka." Mzee alikuwa baba yake Mkuu, dereva wa malori ya jeshi enzi zake, naye alikuwa chumba cha pili, masikio bado mazima. Alikohoa. "Pili, nimetafuta nyumba kule. Hakuna. Zilizopo ni vizimba vya njiwa."

Mkunga alitazama kikombe alichoshika, akakiviringisha, akashika kingine. Kesho yake aliijibu hospitali kwamba ameshukuru, lakini hatakwenda.

Nyumba kule ilikuwepo.

Ukweli ni kwamba katika shirika la ndege, cheo cha jeshi hakivuki lango. Pale mtu hupangwa kwa siku aliyoajiriwa tu. Aliyetangulia kuingia, hata kama juzi alikuwa anafutwa kamasi, ndiye mbele. Mkuu aliyekuwa akiamrisha kikosi kizima alianza mkiani: rubani msaidizi, kiti cha upande wa kulia, mistari michache begani. Akapangwa kuruka na makapteni ambao wengine aliwafundisha yeye mwenyewe kushika usukani.

Mmoja wao walimwita Kijiti, kwa wembamba. Mkuu aliwahi kumzungusha uwanja mzima na parashuti mgongoni kwa kutua vibaya. Kijiti aliacha jeshi mapema, akawa kapteni, akaota hata kitambi, ila jina halikunenepa. Alipomwona mwalimu wake kwenye mafunzo ya shirika alimkumbatia, akampeleka kwenye ghorofa anayoishi, akamwonyesha nyumba iliyokuwa tupu mkabala na yake. Vyumba vilikuwa vikubwa. Ilikuwa ya chini kabisa.

"Mzee hatapanda ngazi hata moja," Kijiti alisema. "Na shemeji hospitali ni palepale ng'ambo ya barabara."

Mkuu alifungua bomba, likatoa maji. Akalifunga. Hakupata kasoro.

Wakati wanatoka, jirani mmoja, mhudumu wa ndege, alikuwa anaingia na vikapu vyake. "Kapteni, huyu ndiye msaidizi wako mpya?"

"Huyu ni mwalimu wangu," alisema Kijiti.

"Basi karibu, kijana mpya," mama yule akamwambia Mkuu, akicheka bila ubaya wowote. "Hapa kijana mpya ndiye anayetubebea vikapu."

Mkuu alibeba vikapu. Alipanda ngazi akiwa navyo, akashuka, akasema nyumba ni nzuri, atafikiria. Akarudi mji wa kambi na ule uongo wa vizimba vya njiwa.

Akapanga nyumba nyuma ya soko, mahali ambapo alipopita watu walisogeza viti. Kwa kinyozi hakungoja zamu.

"Mkuu, siku hizi unarusha ile kubwa?" kinyozi alimuuliza, mkasi ukilia sikioni.

"Ile ile."

"Kwa hiyo ile sauti inayosema 'abiria wapendwa' ni wewe?"

"Mara nyingine."

"Nilijua. Shemeji yangu alisafiri, akasema kapteni ana sauti ya amri. Nikamwambia huyo ni wetu."

Mkuu angeweza kusema neno moja tu, msaidizi. Alifumba macho akaacha anyolewe.

Sasa, kazi ile ina kitu kinaitwa zamu ya akiba. Siku hiyo rubani hana safari, lakini lazima awe karibu na uwanja, akiitwa afike ndani ya saa moja. Si jambo geni. Zamani kambini rubani wa akiba alilala na buti miguuni, na Mkuu mwenyewe aliwafundisha vijana kwamba neno "niko njiani" ni neno la wachuuzi, halitamkwi na mrushaji ndege. Kwa hiyo kila zamu yake ilipokaribia alitangulia jijini akalala nyumba ya wageni, mbali na ghorofa za kina Kijiti, ili asikutane na vikapu.

Kisha zamu moja ikaangukia siku ya fainali ya timu za mitaa. Mwenyekiti wa mtaa alimwomba awe mgeni rasmi. Ukimtoa Mkuu, alisema, nani mwingine? Ilikuwa siku ya akiba. Mkuu aliwaza: zamu zote zilizopita sijaitwa. Shetani wa mtu mzima haji na mapembe, huja na kiti cha mbele. Akabaki.

Simu ililia akiwa jukwaani, amevaa koti, kombe liko mezani.

"Msaidizi wa safari ya jioni ameugua," alisema mtu wa zamu. "Uko karibu?"

Wachezaji walikuwa wamejipanga wakimsubiri. Mkuu aliinamisha kichwa, akaziba mdomo kwa kiganja.

"Niko njiani," alisema.

Alikabidhi kombe harakaharaka, watu wakadhani ni furaha. Alipopigiwa tena alisema gurudumu limepasuka. Alipopigiwa mara ya tatu hakupokea. Abiria walikaa ukumbini na watoto wao mpaka mtu alipopatikana, na mtu huyo alikuwa Kijiti, aliyekuwa mapumzikoni. Kapteni mzima aliingia akakaa kiti cha kulia, kiti cha msaidizi, akaifanya kazi ya mwalimu wake, ndege ikaondoka.

Siku chache baadaye Kijiti alishuka kwenye kindege cha asubuhi, akaulizia nyumba ya Mkuu. Hata kuulizia hakukuwa kazi, watoto walimsindikiza mpaka mlangoni.

"Shikamoo mzee. Shikamoo Mkuu."

"Marahaba," alisema mzee.

Mkunga alileta chai. Kijiti alikuwa mtu wa adabu, hakugusia zamu. Alizunguka mbali.

"Mkuu, nimekuja kukuomba. Ile nyumba mkabala na yetu bado iko wazi. Mke wangu aliifagia ulipoondoka, akasema mwalimu asikute vumbi. Tunauliza tu kama tulikukosea kitu."

Mkunga aliweka birika chini. "Nyumba ipi, shemeji?"

Kijiti alimtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anautazama mkeka.

"Ile... ya ghorofa yetu."

"Ina vyumba vingapi?"

"Vitatu."

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ni ya chini, shemeji." Sauti ya Kijiti ilianza kupungua. "Kwa ajili ya mzee."

"Na hospitali kubwa, kutoka hapo?"

Kijiti alikunywa chai ambayo bado ilikuwa inaunguza. "Ni kuvuka barabara tu," alisema.

Mkunga hakuuliza tena. Alimkaribisha andazi la pili, akamuuliza habari za watoto, akacheka panapostahili kuchekwa, akamsindikiza mpaka nje kama inavyopasa. Aliporudi alikaa mbele ya mumewe.

"Sema mwenyewe," alimwambia.

Mkuu aliyewahi kutua gizani kwenye uwanja wa matope alitafuta pa kuanzia, asipaone.

"Waliniita kijana mpya," alisema.

Mkunga alisubiri yaliyobaki. Hayakuwepo. Ilikuwa ni hiyo tu.

Mzee ndiye aliyesema. "Na mimi ukanifanya ukuta wa kujificha nyuma yake. Mti mkongwe. Nilisikia. Nikanyamaza nikidhani mwanangu ananihurumia." Alisogeza kikombe chake pembeni. "Mimi nilitaka kwenda jijini. Ungeniuliza, ningekwambia."

Mkunga alichukua simu, akapiga hospitali hapohapo mbele yao. Nafasi ya kuongoza wodi ilikuwa imejazwa. Alikuwa amepewa binti mmoja aliyewahi kujifunza kazi chini yake. Mkuu alisikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na ulitosha.

"Ndiyo, namfahamu, ni mchapakazi... Hapana, sina kinyongo, nitakuwa chini yake... Mkunga wa kawaida, ndiyo. Hata zamu za usiku. Mimi ni mgeni kwenu, nipangeni mnavyoona."

Alisema maneno hayo kwa sauti ileile anayoombea sukari dukani. Mumewe aliyasikiliza moja moja, maneno yaliyomshinda yeye pale kwenye ngazi, yakitamkwa na mtu ambaye hakuwa na deni la kuyatamka. Alitaka aseme samahani, akaona ni neno dogo mno, akaliacha.

Simu ilipokatwa mkunga alikwenda kuteremsha maboksi ya kuhamia. Mkuu aliinuka haraka, akatafuta la kufanya, akaliona sanduku la bati la mzee ukutani, akainama alishike.

"Hilo liache," alisema mzee. "Langu nitabeba mwenyewe."

Akalibeba, akipumzika kila baada ya hatua chache, na Mkuu akamfuata nyuma mikono mitupu mpaka mlangoni.