Kodiani Kifuani

Hyasinta Wambura alijifunza kodiani, kile kinanda cha kuvuta na kusukuma kinachovaliwa kifuani, akiwa na miaka kumi na minne. Katekista wa kijijini kwao, kando ya ziwa, mzee Revocatus, alikuwa nacho lakini vidole vilishaanza kumkakamaa. Alimvalisha mikanda, akamwambia avute taratibu.

Mwaka 1994 alihamia Musoma na kujiunga na bendi ya Chrispin, mwimbaji wa harusi. Kwa kazi hiyo alisomesha wanawe wawili na kujenga nyumba ya vyumba vitatu Kigera. Kila Jumamosi walikuwa na harusi, leo Bunda, kesho Butiama.

Mwaka 2019 masikio yakaanza kuvuma. Hakumwambia mtu. Kwenye harusi moja ya Nyasura, bendi ilinyamaza ili mchungaji aombee chakula, yeye akaendelea kupiga. Watu wakacheka, wakidhani ni mbwembwe.

Asubuhi yake Chrispin alifika Kigera.

"Dada, jana ulipiga beti nzima peke yako."

"Spika zilikuwa mbovu."

"Spika zilikuwa nzima. Nilikuita mara tatu nikiwa nyuma yako, hukugeuka."

Hyasinta aliinamia sinia la mchele aliokuwa anachambua. "Nilikuwaga nasikia hadi maji yakianza kuchemka jikoni," alisema. "Sasa hivi hata wewe nakusoma midomo."

Hospitalini walimwambia sikio la kulia limekufa, la kushoto limebaki kidogo. Kifaa alichopewa kilimsaidia kwenye maongezi, ila muziki uliingia kama mtu anakwangua bati. Akaifunga kodiani kwenye sanduku lake, akaanza kuuza dagaa sokoni Nyakato. Mteja akimuuliza habari za bendi, alijifanya hajasikia, na mara nyingi ilikuwa kweli.

Miezi kumi ilipita. Mvua zikanyesha sana, akaogopa kodiani isije ikaota ukungu. Akaitoa, akaivaa ili aikung'ute vumbi, akavuta mara moja. Akashtuka. Sauti nene ilikuwa inatetemeka tumboni, nyembamba karibu na mtulinga, chini ya shingo. Akavua kifaa cha sikioni, akafunga mlango, akapiga mpaka mabega yakamuuma. Alilia pia, na hakuona haja ya kujizuia.

Mwezi mzima alifanya hivyo kila alipotoka sokoni. Kisha akamtumia Chrispin ujumbe: "Narudi. Ila Ghati akae mbele yangu."

Ghati ndiye mpiga ngoma wao. Walikubaliana: mguu wake ukigonga chini, beti inaanza, akiuinua, wote kimya. Harusi ya kwanza ilikuwa Butiama. Kwenye wimbo wa pili Hyasinta aliwatangulia wenzake, Ghati akagonga mguu kwa nguvu, Hyasinta akarudi kwenye mstari. Wageni waliendelea kucheza.

Leo ana miaka hamsini na saba, bado anapiga. Tabu ni nyimbo mpya ambazo hajawahi kuzisikia. Ili kumfundisha wimbo wa karibuni, Ghati aliketi kwenye kigoda na kuuimba tena na tena, Hyasinta akiwa amemwekea kiganja mgongoni.

"Huchoki?" Ghati aliuliza, akigeuka ili midomo ionekane.

"Rudia hapo katikati," Hyasinta alimjibu.

Iliwachukua wiki mbili.