Paka wa Hooyo na Sindano ya Maji

Kwetu mama ni hooyo, na Hooyo wangu amechunga mifugo tangu utotoni. Alihamia kwangu Garissa kutoka Modogashe baada ya ukame kummalizia ngamia. Kiumbe pekee aliyekuja naye alikuwa paka jike wa kijivu, ndani ya kikapu. Sasa ni miaka tisa. Mimi ni mwalimu wa sekondari, na nilipokuwa kazini wawili hao walishinda pamoja mkekani.

Mwaka jana, joto lilipokuwa kali, paka alianza kunywa maji kupita kiasi. Hooyo ndiye aliyeona kwanza.

"Huyu anakunywa lakini hatosheki," aliniambia. "Hebu mpapase mgongo. Mifupa mitupu."

Nilimpapasa kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa unasahihisha mitihani. "Ni joto tu, Hooyo." Jibu hilo nililirudia karibu miezi miwili.

Paka alipoanza kutapika povu na kukataa nyama, ndipo nilipompeleka kwa daktari wa mifugo karibu na soko la mbuzi. Hooyo alikataa kubaki nyumbani. Daktari, mtu mpole aliyezoea mbuzi na ngamia, alimnusa paka mdomo, akambonyeza tumbo, akatoa damu kidogo ipelekwe maabara. Siku mbili baadaye alituita.

"Edo," alimwambia Hooyo, kama mtu anavyomwita shangazi yake, "figo zake zimechakaa. Haziwezi tena kuzuia maji mwilini, ndiyo maana anakunywa na kukojoa sana. Na uchafu unabaki kwenye damu, unamtia kichefuchefu. Paka huficha ugonjwa huu. Ukija kuuona, sehemu kubwa ya figo imeshakufa."

"Dawa yake?" aliuliza Hooyo.

"Ya kuzirudisha haipo. Tutazisaidia zilizobaki, basi."

Nilitazama sakafu. Hooyo hakunitazama, na nilitamani anitazame.

Daktari alituagiza tuweke maji safi kila pembe ya nyumba na tuache kumpa nyama yenye chumvi. Chakula maalumu cha figo hakikuwepo Garissa. Nilikiagiza Nairobi kikaja na basi, paka akakinusa na kuondoka. Hooyo akamchemshia kuku, akamchanganyia na supu yake isiyo na chumvi. Kila siku ya pili tulimtia maji ya dripu chini ya ngozi ya shingo. Hooyo alimshika, mimi nikachoma. Mara ya kwanza nilichoma kwa nguvu mno, sindano ikatokea upande wa pili, maji yakalowesha magoti ya Hooyo.

"Ngamia nimewachoma mimi," alisema. "Lete."

Kuanzia siku hiyo alichoma yeye.

Kwa wiki tatu paka alichangamka. Alijilamba tena manyoya, akapanda ukutani kutazama ndege. Nilianza kuamini atapona. Kisha asubuhi moja aliigeuzia supu mgongo, na kesho yake vilevile. Nilimpigia daktari simu. Alikuwa Masalani akichanja mbuzi, na angekuwa huko hadi mwisho wa wiki.

"Endeleeni na maji," alisema. "Msimlazimishe kula. Nikirudi, kama anateseka, kuna sindano ya kumpumzisha, afe bila maumivu. Zungumzeni."

Nilimweleza Hooyo. Alimpakata paka mapajani.

"Mbuzi akifika hapa namchinja," alisema. "Hateseki, na watu wanakula. Huyu nimfanyie nini? Niambie wewe uliyesoma."

Nilichovya pamba kwenye maji nikamlowesha paka midomo. Hakulamba.

Alikufa Alhamisi, kabla ya alasiri, daktari akiwa bado safarini. Niliporudi kutoka shuleni nilimkuta Hooyo amemfunika kwa kipande cha shali yake. Tulimzika nyuma ya nyumba. Ardhi ilikuwa ngumu nami nikavunja mpini wa jembe, nikamalizia kwa sufuria kuukuu.

Hooyo aliuliza mara moja tu. "Tungekwenda siku ile nilipokwambia, angepona?"

"Asingepona," nilisema. "Labda angeishi zaidi."

"Kiasi gani?"

"Sijui, Hooyo."

Alitikisa kichwa, akainuka kwenda kutawadha.