Niliulizwa Kazi, Nikajibu ya Harusi

Siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, hata shati nililovaa nalikumbuka. Niliulizwa neno dogo pale Kilindoni, hapa Mafia, nikaharibu jambo kubwa. Kijana sikuwa, maana wajukuu walikwishaanza kunivuta ndevu, ila akili ndiyo ilikuwa changa. Shule niliishia darasa la tatu. Mwalimu alisema natosha, nami sikubisha.

Nilikuwa mlinzi wa stoo ya kampuni moja ya uhandisi, watu wa sola, pampu na mitambo ya barafu. Walitaka kusimamisha mtambo wa barafu kisiwani Chole, pweza wa akina mama wasiharibike kabla ya kupata mnunuzi. Lakini kwanza walitafuta meneja wa kukuza biashara. Mimi nilidhani ni mtu wa kukaa dukani. Kumbe ni wa kuzunguka, kambi hii ya wavuvi hadi ile, hoteli hii hadi ile, awashawishi watu na kuwaandikisha. Wateja wasipopatikana, mtambo hauji.

Kati ya walioomba wakabaki wawili. Idrisa, mtoto wa dada yangu, mwenye vyeti vya Dar. Na Saumu, binti wa marehemu rafiki yangu, aliyekuwa akinunua pweza Chole na Jibondo, anayemjua kila nahodha kwa jina na kila mke wa nahodha kwa hasira zake.

Injinia wa kampuni, mtu wa bara, mpole kweli, akanifuata getini.

"Shikamoo mzee Shomari. Hawa wawili ni wa kwenu. Hebu niambie, wakoje?"

"Marahaba. Idrisa? Mtoto wa watu yule. Mstahifu, hana makuu, swala hazimpiti."

"Na Saumu?"

"Huyo ni mtoto wa kike wa watu, baba. Safari zake sizijui."

Muongo mkubwa mimi! Nilizijua zote. Na Idrisa nilimjua kuwa akipanda boti hutapika kabla nanga haijang'olewa, na jua humkuta kitandani. Lakini kwetu, mzee akiulizwa habari za kijana, mara nyingi ni posa, na kwenye posa wa kwako unamsitiri, na binti wa mwenzio huzitaji safari zake. Wenyeji tunalijua hilo, tukisikia sifa tunakata nusu. Yule wa bara hakukata hata robo.

Idrisa akapewa kazi. Jioni ile nilijisifu barazani, Mungu anisamehe, nikayasimulia yote. Ikapita miezi, kambi hata moja hakuikanyaga. Chole alikwenda mara moja, akarudi amelowa, mteja hana. Wakubwa wakasema Mafia hakuna biashara, wakaanza kufungasha.

Bi Hadia, mvuvi wa pweza, akanikuta sokoni, ndoo yake inanuka.

"Shomari, uliulizwa kazi ukajibu ya harusi? Haya, pilau limeliwa. Hii ndoo nimpelekee nani?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, meno tu.

Nikamkimbilia Injinia uwanja wa ndege, nikamwambia ukweli wote.

"Mzee, vyeti nilikuwa navyo mezani. Nilikuja kwako kwa yale ambayo vyeti havisemi."

Akaingia kwenye ndege. Saumu akahamia bara, anawachumia wengine. Mama yake nikimsalimu huitikia kwa kichwa tu. Mtambo haukuja, wala kampuni nyingine haikuja kuuliza. Nani atuulize tena sisi?

Mwanangu, mficha uchi hazai. Ukiulizwa habari za mtu kwa ajili ya kazi, sema unachokijua, kizuri na kibaya, hata kama mmelala tumbo moja. Na sifa za asiye ndugu yako usizimeze. Kusitiri ni heshima, lakini ina mahali pake. Usinifariji kwamba yangu yatatengemaa. Maji yakimwagika hayazoleki, na mimi nayatazama kila siku.

Mungu akunyooshee ulimi siku utakayoulizwa, akupe ujasiri wa kumtaja anayestahili, na akuepushe na uzee kama huu wangu. Amin.