Mkono wa Baba Kwenye Karatasi

Makumbi ya nazi yaliyofukiwa topeni miezi mitano yananuka vibaya, na sitaki mtu anidanganye vinginevyo. Lakini mimi nikipita pale ufukweni Lindi wanapoyafukua, hupunguza mwendo na kuvuta pumzi mpaka kifua kijae, na wajukuu zangu hunicheka. Nawaacha wacheke. Kwangu mimi hiyo ndiyo harufu ya baba.

Baba alikuwa msokota kamba. Aliyaponda makumbi yale kwa mti mpaka zikabaki nyuzi tupu, akazianika, na jua la alasiri likishapoa alikaa kwenye kigoda uani na kuanza kusokota. Kazi yangu ilikuwa kushika ncha. Alininyooshea mkono wa kulia wenye ncha ya kamba, akasema, "Shika, mama," nami nikaishika na kurudi kinyumenyume polepole, kamba ikirefuka kati yetu. Nilikuwa na umri wa miaka saba hivi. Nyuzi zililia kidogo vidoleni mwake, vumbi lake likaelea juani, na mara nyingine nilisinzia nikiwa nimesimama vilevile, mpaka kamba iliponivuta nikazinduka.

Mwaka ule vita vya Majimaji vilikuwa vimewaka huko bara, na watu wa misheni ya Waingereza walikimbilia mjini kwetu kungoja meli. Mmoja wao, bibi mrefu mwenye kofia ya ukindu, hakuweza kukaa bure. Alizunguka mitaani na kalamu ya risasi akichora milango, mbuzi na mitungi ya watu. Kiswahili chake kilikuwa cha Unguja, kimenyooka kuliko chetu, na sisi watoto tulimfuata kumwamkia shikamoo ili tu tumsikie akijibu. Siku moja alisimama uani kwetu, akaomba kumchora baba akiwa kazini.

"Muulize mwenye nyumba," baba akasema, akicheka.

Mwenye nyumba ni mama. Alikuwa amekaa mlangoni, ubavuni mwa baba, akichambua choroko. Mama alipenda mumewe atazamwe, na hakuficha. "Achorwe," akasema, "ila bibi uningoje nifagie." Akafagia ua mzima, hata upande ambao hakuna mtu angeuchora.

Bibi alikaa chini, karibu yangu kabisa, kichwa chake usawa wa changu. Baba akaninyooshea ncha ya kamba, akaambiwa atulie hivyo hivyo. Sijui tulikaa kwa muda gani. Nakumbuka kuku walinyamaza, nakumbuka kalamu ikikwaruza karatasi, na baba akinitazama mimi muda wote, jambo ambalo siku nyingine kazi haikumpa nafasi ya kulifanya. Nilijiona mtu mkubwa.

Karatasi ilipokamilika, uso ulikuwa wake, masharubu yake, hata kovu la kidevuni. Lakini mkono ulikuwa wa ajabu. Kiganja kilikuwa kikubwa kama uso, kimejaa mbele ya kifua, na kutoka kwenye kiganja hadi begani hapakuwa na kitu ila kama upana wa vidole viwili tu. Mama aliitazama, akainama kunong'ona nami: "Muulize mkono wa mume wangu kaupeleka wapi."

Bibi alisikia. Alinyoosha mkono wake kuelekea pua yangu, akanifumba jicho moja. Niliona kiganja, na kiwiko kimejificha nyuma yake. "Kitu kikija moja kwa moja kwako, urefu wake huuoni wote," akasema. Akataja neno la kwao la jambo hilo, nami nikalisahau kabla hajatoka uani. Mama hakuelewa, na mimi nilishindwa kumweleza. Bibi alituachia karatasi ile, akaenda zake.

Siku ya tatu akida wa Wajerumani alipita akikusanya wapagazi wa kubeba mizigo ya askari kwenda bara. Baba alikuwa miongoni mwao. Mama alichukua kipande cha mkaa jikoni, akamwongezea baba mkono kwenye karatasi, mrefu, kutoka begani mpaka chini, na vidole sita kwa haraka. "Hawezi kusafiri na kasoro," akasema. Baba alipouona alicheka mpaka akakaa. "Sasa nitachuma nazi bila kupanda," akasema. Asubuhi akaondoka.

Hakurudi. Mwenzake alitwambia homa ilimkamata njiani, wakamzika kando ya mto. Mama hakumlaumu bibi, wala akida. Miaka yote, kila safari ile ilipotajwa, alisema maneno yaleyale: "Mimi ndiye niliyesema achorwe." Nami niliamini pia kwamba mkono ule mfupi ndio uliomponza, na nilimchukia bibi yule kwa moyo wote.

Waingereza walipokuwa ndio watawala, binti yangu alisomea ualimu. Alirudi likizo na kitabu cha kuchora cha Kiingereza, na ndani yake mtu alikuwa amenyoosha mkono kama baba. Nikamuuliza. Neno lenyewe ni *foreshortening*, akanifundisha kulitamka, ulimi ukanigoma. Halitumiki kwa nyumba za mwisho wa mtaa zinazoonekana ndogo kwa umbali, alisema. Ni la kitu kimoja kinachokuelekea wewe: mguu, mkono, mtumbwi uliokugeuzia uso. Mchoraji hukifupisha ili jicho likione kizima. Ukisogea ubavuni, ufupi wote unaisha.

Nilikwenda kwa mama siku ileile. Alikuwa mzee, ila macho yake bado yalikuwa mazima. Nikamnyooshea mkono usoni, kisha nikajigeuza upande, mara mbili, mara tatu, bila haraka. Kumbe tangu utoto wangu nilikuwa sijafikiri jambo hili jepesi, kwamba mkono wa baba ulikuwa mfupi pale niliposimama mimi tu, kwa sababu alikuwa akininyooshea mimi. Nililia kama mtoto.

Mama aliushika mkono wangu, akaushusha.

"Mimi nilikuwa pale mlangoni," akasema. "Niliuona mrefu."

"Ulikuwa mrefu, mama."

"Kwa hiyo hakuondoka na kasoro."

"Hakuondoka nayo."

Akaitoa karatasi sandukuni, akaikunjua mapajani. "Basi nifutie huu wangu," akasema. Nikaufuta kwa nyama ya mkate, ile laini ya ndani, kidole baada ya kidole, mpaka baba akabaki na mkono wake.